Utumbo wa Damian Umelala

Kwa mara ya nne tangu asubuhi, nesi Michelle alimwinamia Damian akamwuliza kwa Kiswidi kama ameshajamba.

"Bado," Damian alijibu kwa Kiswidi hichohicho, macho darini.

"Anasemaje?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kiti kando ya kitanda.

"Anauliza kama nimelala vizuri, mama."

"Watu wa hapa wana adabu," alisema Mama Gladness, akaendelea na rozari yake.

Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Damian, fundi umeme wa Fisksätra, apasuliwe utumbo uliojisokota. Daktari alimweleza kwamba utumbo ukishikwashikwa na mikono ya watu husinzia. Ule mwembamba huamka mapema. Ule mpana ni mvivu, hujivuta hata siku tatu, na ukiamka hutoa taarifa kwa upepo. Bila taarifa hiyo, hakuna chakula, hakuna kurudi nyumbani. Ikifika saa kumi jioni kukiwa kimya, mpira utapitishwa tena puani mpaka tumboni, kisha apigwe picha waone kama wamfungue upya.

Lakini utumbo ulikuwa umeamka tangu alfajiri. Ulinguruma, ukasukuma, ukabisha mlangoni. Aliyekataa kufungua ni Damian.

Angewezaje? Mama mkwe alitoka Moshi wiki mbili tu zilizopita. Mbele yake Damian hakuwahi hata kutafuna kwa sauti. Na kabla mkewe Gladness hajaenda kazini Kista, mama alimwapia kwamba hataondoka kando ya mgonjwa hata dakika moja.

Damian alijaribu chooni. Mama akamfuata akikokota chuma cha dripu, akasimama nje ya mlango mwembamba kama karatasi. "Nipo hapa, baba! Usianguke!" Damian akarudi kama alivyokwenda.

Alimwomba nesi amtoe mama nje. Michelle akamwonyesha mama mlango kwa tabasamu, akataja kahawa. Mama akasema "Tack," yaani asante, neno lake pekee la Kiswidi, akajiweka vizuri zaidi kitini.

Saa tisa na nusu tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Jasho lilimtiririka Damian mpaka masikioni. Michelle aliingia na mpira kwenye trei, akauweka mezani, akatoka kumwita daktari.

Mama Gladness aliutazama ule mpira. Akamtazama mkwe wake. Akabusu rozari, akaiweka mkobani, akafunga zipu. Kisha akaegemea upande mmoja, na kiti cha plastiki kikapiga tarumbeta iliyosikika hadi koridoni.

Damian alijifunika shuka gubigubi. Maskini, mama wa watu! Uzee, safari, vyakula vigeni! Alitafuta neno la kumsitiri, akalipata.

"Samahani, mama," alisema kutoka ndani ya shuka. "Ni mimi."

"Si wewe," mama mkwe alisema. "Mimi nimezaa saba, wawili kwa kisu. Wanachokusubiria hawa nakijua. Haya, baba, hodi nimeshapiga. Itikia."