Risiti ya Umeme wa Kanisa

“Nisomee kuanzia juu,” Rahabu alisema, akaegemea kaunta ya duka.

Radhia, binti aliyetoka Singida mjini miezi michache nyuma kuja kuuza umeme na vocha hapo Misigiri, alikwishamzoea. Wateja wengine walitaka zile namba za kuingiza kwenye mita tu, wakaenda zao. Mama huyu alitaka risiti nzima, kama anasomewa wosia. Radhia akasoma yote, kuanzia jina la mteja hadi kodi ya jengo. Rahabu akashukuru, akaikunja risiti, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Mita ilikuwa moja, ya kanisa pamoja na kijumba cha nyuma alichoishi. Mumewe, aliyekuwa mwinjilisti, ndiye aliyehangaikia umeme ule mpaka ukafika, kisha akafariki. Mwaka wa tatu sasa. Hawakujaliwa mtoto. Waumini wakishatawanyika, Rahabu alibaki na kuku wawili na redio inayokoroma.

Jumapili ile, baada ya ibada, mzee wa kanisa Clement alisimama uso umemjaa furaha. Nyumba za ibada zimesamehewa kodi ya majengo, alisema, na wao wamekuwa wakikatwa bure kila wanaponunua umeme, miaka yote.

“Marehemu alituletea umeme, Mungu amlaze pema, ila hili lilimpita. Tunapeleka barua, mita iandikishwe ya kanisa, basi.”

Rahabu akasimama. Tangu msiba hakuwahi kusema neno kikaoni.

“Kodi hiyo ndiyo inayosaidia shule. Darasa la pili wanakaa chini, mnawaona. Tuache ikatwe.”

Wengi wakaitikia kwa vichwa, maana madawati kweli hayakutosha. Clement naye hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kidogo, akaahidi kwamba hela itakayookolewa wataipeleka wenyewe shuleni kila mwezi, mkononi mwa mwalimu mkuu. Hapo hata mwalimu mkuu mwenyewe angepiga makofi.

“Hapana,” Rahabu akasema. “Acheni mita ilivyo.”

Watu wakatazamana. Akashupaa, akasihi, mwishowe akalia mbele ya kwaya nzima, na kila mtu akaona aibu. Severina wa sauti ya kwanza alimnong’oneza jirani yake kwamba upweke umeanza kumharibu mama wa watu. Wakapiga kura. Mkono uliobaki chini ulikuwa mmoja.

Mwezi uliofuata Rahabu akaenda dukani kama kawaida.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nisomee kuanzia juu.”

“Jina la mteja, Kanisa la Misigiri.” Radhia akashuka mpaka mwisho, akatabasamu. “Kodi ya jengo haipo tena. Mmepumua.”

Rahabu hakuipokea. Alifungua pindo la kanga, akatoa risiti ya mwezi uliopita. Wino wake ulikuwa umeanza kupauka. Zile za zamani, alizozitunza kwenye kopo la maziwa, zilikwisha kuwa karatasi nyeupe tupu.

“Basi nisomee hii. Mstari wa juu tu.”

Radhia akaisogeza kwenye mwanga. “Jina la mteja, Naftali Kitundu.” Akainua macho. “Huyu ni nani, mama?”

“Mume wangu. Hapa wote wanamwita marehemu. Na mimi, kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina.” Rahabu akafumba macho. “Soma tena, mwanangu. Polepole.”