Mzee Amepumzika

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi, wafanyakazi sita wa ghala la mvinyo walijipanga mbele ya pipa la tisa na kuliamkia shikamoo. Pipa halikuitikia, jambo ambalo walilichukulia kuwa kiburi cha umri. Lilikuwa limemzidi umri kila mmoja wao, kwa hiyo walilibandika jina la Mzee.

"Msimtikise Mzee," msimamizi aliwaonya waliopita na ndoo. "Ana gesi tumboni."

Walicheka, lakini walipita kwa kunyata. Ndani ya pipa hilo mlikuwa na mvinyo mwekundu wa mwaka ambao huenda wasiuone tena.

Mwaka wenyewe ulikuja kana kwamba uliagizwa. Mvua ilinyesha mizabibu ilipoihitaji, ikakatika zabibu zilipoanza kubadilika rangi. Mchana jua lilichoma. Usiku watu walitafuta blanketi la pili. Zabibu zikabaki ndogo, zenye ngozi nene, nyeusi kama wino. Utamu na ukali vikakomaa katika wiki hiyohiyo moja, na katika mavuno yote halikudondoka tone la mvua. Safu mbili za mizabibu zilikufa kwa kiu.

"Vizuri," alisema baba mwenye shamba, kitandani, alipopewa habari hizo. "Mwaka mkubwa lazima mzabibu uteseke. Ukila ukashiba, unakupa maji ya kuoshea vyombo."

Kisha akakohoa mpaka dada yake, aliyekuwa akimuuguza, akamshikia beseni.

Kwa miaka arobaini mtu huyu alikuwa ameruhusu mwaka uandikwe kwenye chupa mara mbili tu. Mvinyo wa miaka mingine yote ulichanganywa kwenye tangi kubwa na kuuzwa bila tarehe ya kuzaliwa. Binti yake, ambaye sasa ndiye aliyeendesha ghala, alikuwa amekulia chini ya miaka hiyo miwili kama mtoto aliyetanguliwa na ndugu wawili waliofaulu mitihani. Mvinyo wa pipa la tisa ulikuwa wa kwanza kuulea peke yake, kuanzia shambani. Alichokitaka ni kitu kimoja tu: baba auonje, aseme neno. Na daktari alikuwa ameacha kutaja dawa, akabaki kumtaja Mungu.

"Nikuletee kijiko kimoja tu, baba," alimsihi.

"Umeshatulia?"

"Bado una mashapo kidogo."

"Basi sionji tope. Nitangoja." Akamshika mkono, akaubana kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kuwa bado anazo. "Na nikifa sijauonja, siku hiyohiyo uumwage kwenye tangi, uchanganyike na ule wa kawaida. Sitaki chupa itaje mwaka ambao ulimi wangu haukuujua. Apa."

Binti aliapa. Chumbani walikuwa wao wawili tu.

Wiki mbili baadaye alikwenda mjini kuchagua chupa, kwa sababu mtu mwenye matumaini hununua chupa. Alikuwa ameinua moja kuitazama kwenye mwanga wakati ujumbe ulipoingia kwenye simu. Ulitoka kwa shangazi, ambaye siku zote aliandika kama anayetozwa kwa herufi.

*Mzee amepumzika. Njoo.*

Aliiweka chupa chini taratibu, kana kwamba imejaa. Hakupiga simu kuuliza. Maneno kama hayo hayaulizwi mara mbili. Alikaa juu ya kreti akalia bila sauti, na muuza chupa akapata ghafla kazi ya haraka nyuma ya duka.

Kisha akajifuta uso, akampigia msimamizi.

"Fungua pipa la tisa. Mimina lote kwenye tangi kubwa."



"Dada, lakini Mzee ndiyo kwanza..."

"Habari za Mzee ninazo. Nimeshaambiwa."

"Na baba amekubali?"

"Ni agizo lake. Amenipa kwa mdomo wake mwenyewe."

"Sawa, dada," msimamizi alisema, kwa sauti ya mtu aliyepewa kisu na kuonyeshwa shingo.

Safari ya kurudi ilichukua saa tatu. Alipofika alipitia ghalani kwanza. Miguu ilikataa kwenda nyumbani. Mpira wa pampu ulikuwa bado umelowa. Pipa la tisa lilikuwa wazi, na wafanyakazi wamesimama kando yake, kofia mikononi.

"Pole sana, dada," msimamizi alisema. "Tulishazoea kumwamkia kila asubuhi."

"Asante. Ulimwona leo?"

"Nilimwona asubuhi."

"Alikuwa ametulia?"

"Kabisa. Tangu nianze kazi hii sijaona aliyetulia vile."

Hilo lilimpa nguvu ya kupanda hadi nyumbani. Mlangoni hakukuta viatu vya wageni, wala mkeka, wala sauti ya kilio. Alidhani wanamngoja yeye ndipo waanze. Akashika kitasa cha chumba cha baba, akavuta pumzi, akafungua.

Shangazi alikuwa akifuta glasi mbili kwa kitambaa cheupe. Kitandani, amenyolewa ndevu na kuvalishwa shati safi, baba alikuwa ameketi.

"Umechelewa," alisema. "Msimamizi amekuja asubuhi kuniambia Mzee kapumzika, hana hata chembe ya tope, nikamwambia shangazi yako akuandikie hivyohivyo." Akachukua glasi moja, akamnyooshea. "Haya mwanangu, nenda kanimiminie."