Nungunungu Aliyesikia Kila Kitu

Basi nguchiro waliwaua kanga wote wa bondeni, akabaki mama mmoja tu. Kesi ilipofika kwa jaji Pofu mwenye pembe ndefu, Nungunungu, jirani wa kanga, alikuja kutoa ushahidi, miiba ikimetameta.

"Mheshimiwa, masikio yangu hayana mpinzani! Nikiwa shimoni mwangu niliwasikia wakiapa kuwamaliza kanga hadi kifaranga wa mwisho."

Nguchiro wakafungwa maisha. Nungunungu akapigiwa makofi, akainama kwa madaha.

"Jirani," Mama Kanga akamuuliza, "wanangu walikuita?"

"Kwa jina langu kabisa! Nilisikia vizuri sana."

"Na nguchiro huogopa nini?"

"Huogopa miiba..." Akaanza kushuka.

"Usishuke kizimbani," Pofu akamwambia. "Kesi yako ndiyo kwanza inaanza."

Mola atusamehe sote tuliosikia tukafunga mlango.