Hakuna Aliyelalamika

"Umefeli tena," alisema Bridget, mwalimu wa uuguzi, na kurudisha kalamu mfukoni.

Sabiha alikuwa bado ameshika kitambaa kinachodondosha maji. Kitandani, Wilkister, mwanafunzi mwenzake aliyejitolea kuwa mgonjwa, alikuwa akijifunika taulo huku akitetemeka. Ilikuwa Julai 1994, katikati ya baridi ya Sydney, lakini hita ya chumba cha mazoezi ilikuwa inawaka.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Mikono yako haina kosa. Sijawahi kuona mwanafunzi anayemsitiri mgonjwa namna ile. Lakini husemi naye. Humwambii unafanya nini, humwulizi kama maji yana baridi, hata usoni humtazami. Mgonjwa si gogo, Sabiha."

Sabiha aliinamisha kichwa. Ndivyo alivyofunzwa. Mama yake, aliyemrithisha kazi hii kule Tanga, alimkanya kila walipoingia chumbani: sauti chini, maneno machache, na utakachokiona humu usikitoe nje. Hilo la mwisho alilitaja siku ya usaili, na Bridget alilipenda sana. Alimwuliza alikuwa hospitali gani. Si hospitali, alijibu Sabiha, majumbani. Watu walimwita saa yoyote, hata alfajiri. Na walikuwa wanaridhika? Hakuna aliyelalamika, alisema Sabiha. Jibu hilo ndilo lililompatia nafasi chuoni.

Sasa nafasi hiyo ilikuwa inamponyoka. Mtihani wa kuogesha mgonjwa uliruhusiwa kurudiwa mara mbili tu, na sasa ilikuwa imebaki mara moja ya mwisho. Makao ya wazee ya kule Granville yalikuwa yameahidi kumwajiri akipata cheti. Asipokipata, angerudi kiwanda cha kuku, ndani ya chumba cha barafu, ambako vidole vyake viwili vilikwisha anza kufa ganzi. Masoud, mumewe, aliumia mgongo akipakua makontena, na tangu hapo alikuwa akilala kwenye kochi la nyumba yao ya Mount Druitt, akiitazama dari. Hapakuwa na mwingine wa kutoka asubuhi.

Ndani ya treni ya kurudi, Wilkister alijaribu kumchangamsha.

"Mama Muna, ongea hata uongo. Uliza habari za mvua. Hawa wazungu ukiwauliza mvua wanapona."

"Maneno hayaji. Nikishika kitambaa tu, ulimi unakauka."

"Basi imba." Wilkister alitazama dirishani kidogo. "Nikwambie ukweli? Ulipokuwa unaniogesha nilitamani kumpigia mamangu simu Kisumu. Sijui kwa nini."

Nyumbani, Sabiha alimwomba Masoud alale vizuri ili yeye ajizoeze kumwogesha. Masoud, ambaye siku hizi hakumkatalia kitu, alikataa.

"Jaribia wengine, mke wangu. Mimi sina haraka."

Alicheka, lakini alijivuta hadi mwisho wa kochi, miguu akaikunja.

Binti yao, Muna, alikubali kutoa mkono mmoja tu. Haukupita muda akauvuta.

"Mama, unanitisha," alisema kwa Kiingereza chake cha shule, akaenda kuwasha televisheni.

Sabiha akabaki jikoni na beseni la maji yanayopoa. Akasimama mbele ya friji na kuisemesha. Habari za asubuhi. Naanza na uso. Maji yako sawa? Friji ilinguruma. Akarudia, akarudia, mpaka akaegemeza paji la uso kwenye kile chuma cheupe na kulia kimyakimya, kama alivyofanya kila kitu.

Mtihani wa mwisho ulifanyika katika makao yale yale ya Granville, kwa mgonjwa wa kweli. Aliitwa Lina, bibi wa Kilebanoni, mwepesi kama khanga iliyoanuliwa. Alikuwa amelala chali, macho ameyafumba. Mezani kando yake palikuwa na miwani na tasbihi. Bridget alisimama mlangoni, kalamu mkononi.

"Habari za asubuhi," alisema Sabiha.

Bibi hakufumbua macho. Na sentensi zote za jikoni zikayeyuka.

Kikabaki kile alichokijua. Akamsitiri kwa shuka toka kitovuni hadi magotini. Akajizungushia kitambaa kiganjani. Akaweka mkono juu ya tumbo, akalibonyeza taratibu sana. Kisha akaanza upande wa kulia: bega, mkono, ubavu, mguu. Mara tatu. Akahamia kushoto. Nyuma yake alimsikia Bridget akishusha pumzi, ile pumzi ya mtu aliyekwisha kata shauri, naye akajua kwamba kesho ni kiwandani. Lakini mikono haikujua kusimama katikati ya kazi.

Ndipo vidole vikavu vilipomshika kifundo cha mkono.

"Binti," alinong'ona yule bibi, kwa Kiingereza cha kuokotaokota, "naijua mikono hii. Tumbo polepole. Kulia kwanza, mara tatu. Hivi ndivyo tulivyomwandaa mama yangu siku tuliyompeleka kaburini." Akavuta pumzi. "Lakini mimi bado."

Kitambaa kilimwanguka Sabiha.

"Nisamehe, mama," alisema. "Maji... maji yana baridi?"

"Kidogo."

"Nikuongezee ya moto?"

"Ongeza, binti. Na mgongo unisugue kwa nguvu."

Mlangoni kalamu ilianza kuandika. Sabiha hakugeuka. Baada ya wote waliopita mikononi mwake kule Tanga, huyu alikuwa wa kwanza kufumbua macho.