Shimo la Kurithi

Zamani, na hata jana, Muhanga mchimbaji alimpeleka bintiye kwa Ngiri, mkuu wa shule ya uchimbaji.

"Tunawapokea wenye shimo la kurithi tu," alisema Ngiri, akionyesha lake. "Kama mwanangu huyu."

"Hilo alilichimba mama yangu! Alitoka kutafuta mchwa, akarudi akamkuta baba yako ndani."

"Hayo ya zamani tuyaache, mama. Bintiyo tutampa kazi ya kutuchimbia madarasa."

Ngiri na mwanawe wakageuka, wakaingia shimoni kinyumenyume, kama ngiri wote wafanyavyo.

"Kumbe ndiyo maana mnatanguliza matako!" Muhanga alifoka. "Mkitanguliza uso, mtaziona ukutani alama za kucha za mama yangu!"