Njia Namba Saba

Veneranda aliisoma barua ya mteja mara mbili, akasonya mara tatu.

"Mimi na mke wangu hatujazoea baiskeli," aliandika bwana mmoja aitwaye Lennart Ek. "Goti lake si zima. Hapendi kelele, hapendi kuharakishwa, ila anapenda kukaa mahali akaona mbali. Tafadhali utuchagulie njia ambayo ungejichagulia wewe mwenyewe."

"Malkia huyo," Veneranda akasema. "Anataka kuona mbali bila kupanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili tu huko Södermalm, na biashara yao ilikuwa kuwapeleka Waswidi Italia wakaendeshe baiskeli vilimani. Kazi ya Veneranda ilikuwa kumchagulia kila mteja njia moja kati ya saba, kumwagizia vyumba vya kulala na kumchapishia kitabu cha njia: kata kushoto penye kanisa, jaza maji hapa, teremka polepole. Njia zote alizijua kwa kichwa. Baiskeli yenyewe hakuwahi kuipanda, na aliwadharau wote walioipanda kwa hiari yao. Kwao Bukoba baiskeli ilibeba ndizi. Mtu anayepandisha kilima na baiskeli tupu, tena amelipa nauli ya ndege ili akapandishe, huyo ana lake kichwani.

Njia namba moja ilipita bondeni kando ya mto, kwenye mizabibu na mikahawa. Hiyo ndiyo waliyopewa wanaoanza. Namba saba ilikuwa kusini mwa Siena: changarawe nyeupe, vilima visivyo na kivuli, na siku ya tatu kilomita kumi na nne za kupanda tu. Mwaka uliotangulia, 2008, mwanajeshi mmoja mstaafu alipiga simu kutoka huko akilia.

Veneranda akaandika: saba.

"Haki ya nani, Veneranda!" Dorothy, Mkenya wa meza ya pili, alikuwa amechungulia. "Hao ni watu wa namba moja. Na huyo mama ana goti."

"Si anataka kuona mbali? Huko ataona mpaka kwao."

"Na vyumba ukishaagiza hakuna kubadilisha."

"Ndiyo raha yake," Veneranda akasema, akabonyeza. Kisha akaongeza kitabuni sentensi ambayo hakuwahi kumwandikia mteja yeyote: *Siku ya tatu hakuna njia ya mkato. Asiyeweza kuendesha, asukume.*

Kusema kweli, dharau hiyo haikuanzia kwa akina Ek. Ilianzia nyumbani Hallunda, kwa mumewe Vedasto. Jumamosi ya wiki hiyo walikuwa wanatimiza jubilei ya miaka ishirini na mitano ya ndoa, na mwanamume hakuwa ametamka hata neno. Alikuwa fundi wa viti vya magurudumu hospitalini Flemingsberg. Miaka kumi na mmoja alifanya kazi pale, na Veneranda hakuwahi kumuuliza jina la mwenzake hata mmoja. Watu wa kukaza skrubu, wangemfaa nini?

Na siku hizi Vedasto alikuwa amezidi. Kila Jumanne alichelewa kurudi, akaingia akichechemea na kunuka dawa ya kuchua. Jumapili iliyopita alimpima miguu kwa tepu, ati fundi Colombe wa Norsborg amepata kitambaa kizuri cha suruali.

"Suruali! Baba Paskalia, mimi ni wa kuvaa suruali?"

"Simama tu wima, Mama Paskalia," Vedasto alimjibu, akaandika namba kiganjani.

Mume jina. Veneranda alikwishaamua: Jumamosi ikipita kimya, anahamia kwa binti yao Paskalia, na safari hii harudi. Sanduku alikuwa ameshalitoa uvunguni, likawa wazi kitandani. Hata hivyo ilimuuma. Alitamani akumbukwe, hata kwa ua moja la dukani.

Jumamosi akatoka sokoni na mifuko miwili. Lifti ilikuwa mbovu, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kidato kimoja kimoja, akipumzika na kulaani.

Akafungua mlango. Mezani palikuwa na ndizi za nyama zikitoa mvuke, na keki yenye namba ishirini na tano. Vedasto alisimama kando yake amevaa tai aliyofungia ndoa, imepauka, nayo imemkaba.

Veneranda akaweka mifuko chini. Alikumbuka! Mwanamume huyu alikumbuka, na yeye alikuwa anataka kumtoroka. Aibu ikamshika, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Hata sanduku nimekuta umelitoa," Vedasto akasema akicheka. "Nani kakwambia kwamba tunasafiri?"

"Tunasafiri?"

"Nimejifunza, Mama Paskalia. Miezi miwili, kila Jumanne. Nimeanguka mara tisa, lakini sasa naweza." Akampa bahasha kwa mikono miwili, kama mtoto anayempa mzazi ripoti nzuri ya shule.

Veneranda akaifungua. Mlikuwa na tiketi mbili za ndege na kijitabu chembamba. Jalada alilijua, na namba iliyokuwa juu yake aliijua.

"Lennart wa kazini ndiye aliyeniandikia barua, usije ukanishtukia," Vedasto akasema. "Maana nilitaka njia uichague wewe mwenyewe."