Kidonge cha Bibi Harusi

"Mimi na vidonge vya wasiwasi? Tumeachana, tena talaka tatu!" Salha aliwatambia shoga zake huku akipakwa hina mikono yote miwili.

Shoga wakacheka, wakaenda kula. Akabaki peke yake, marufuku kugusa kitu mpaka hina ikauke. Hapo moyo ukaanza mbio. Miaka na miaka kidonge ndicho kilichoutuliza kila alasiri, na cha leo alikuwa amekificha kwenye pindo la kanga, kwa fundo la kukaza. Basi bibi harusi mzima akainama, akalitafuna fundo kama mbuzi aliyechoka kufungwa.

"Mwanangu, njaa yote hiyo?"

Mlangoni alisimama Bi Mgeni, shangazi wa bwana harusi. Salha akaganda, pindo mdomoni. Wakwe wakijua, harusi ipo kweli?

Bi Mgeni akarudishia mlango, akaketi, akalifungua fundo taratibu.

"Daktari kasemaje? Kizima au nusu?"

"Ananipunguzia, shangazi. Nusu."

Kidonge kikakatika kati ya kucha za Bi Mgeni, kama kazi aliyoizoea. Akamlisha nusu, akamnywesha maji. Nusu nyingine akaifunga kwenye pindo la kanga yake mwenyewe, bila kusema ni ya nani.